Arobaini bila jamaa: afya ya akili ya mama anayezaa ugenini

Maswali kumi ambayo mkunga wa Manchester au Glasgow humsomea mama aliyejifungua wiki kadhaa zilizopita yana historia iliyopitia Uganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, daktari wa magonjwa ya akili John Cox alikuwa akifanya kazi Kampala. Alikwenda Kasangati, nje kidogo ya jiji, akawahoji wajawazito na wanawake waliotoka kujifungua kuhusu hali zao za moyo. Enzi zile wataalamu wengi wa Ulaya waliamini kwamba sonona, yaani huzuni nzito ya kiugonjwa, baada ya uzazi ni maradhi ya Wazungu, maana mwanamke wa Kiafrika ana ukoo mzima unaomzunguka. Cox alikuta wanawake wa Kasangati wanaugua, tena kwa kiwango kisichotofautiana sana na kile alichokuja kukikuta Uskoti. Mwaka 1987, yeye na wenzake Jenifer Holden na Ruth Sagovsky walichapisha dodoso la Edinburgh, ambalo leo linatumika karibu kila pembe ya dunia: maswali kumi kuhusu siku saba zilizopita, kila jibu likipewa alama 0 hadi 3, jumla isiyozidi 30. Mama akipata 13 kwenda juu, huenda ana sonona, na anatakiwa aonwe na mtaalamu.

Nimeanza na Kasangati kwa sababu lile dai la kale bado linatembea sebuleni kwetu, safari hii tukilisema wenyewe. Mama wa Kongo aliyehamia Leicester akianza kulia bila sababu inayoonekana, huambiwa ameiga mambo ya huko, kwetu hakuna sonona. Upande wa pili kuna dai la baadhi ya watoa huduma: huyu amekimbia vita, basi kila anachougua ni vita. Yote mawili yanampoteza mgonjwa. Ninavyoona mimi, kuhama hakumletei mama ugonjwa mpya. Kunamwondolea watu ambao wangeuona mapema, na kunampa sababu nzito za kuuficha. Ukilishika hilo, mengi yanayoonekana kuwa fumbo yanaanza kueleweka.

Kilio cha siku ya tatu, na kile kisichoisha

Baada ya kondo la nyuma kutoka, homoni za ujauzito hushuka ghafla ndani ya siku chache. Kuanzia siku ya tatu hadi ya tano, wanawake wengi hulia ovyo, hukasirika kwa jambo dogo, kisha wakacheka. Hilo hupita lenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki mbili. Halihitaji dawa, linahitaji usingizi, chakula, na mtu wa kumpokea mtoto.

Sonona ni kitu kingine. Inadumu wiki mbili au zaidi, karibu kutwa nzima, karibu kila siku. Ishara moja ambayo wakunga wazoefu huiulizia ni usingizi: mtoto amelala, nyumba imetulia, hakuna anayelia, na bado mama yuko macho akiangalia dari. Chakula hakina ladha. Kuoga kunakuwa mlima. Anamtazama mtoto wake na hahisi kitu, halafu anaogopa kwa kutohisi kitu, anajiona ndiye mama mbaya kuliko wote. Wazo linaanza kupita kwamba mtoto angekuwa salama zaidi mikononi mwa mwingine. Tena sonona si lazima isubiri uzazi, kwani kwa wanawake wengi huanza mimba ikiwa bado tumboni, na ndiyo maana kusubiri hadi wiki ya sita baada ya kujifungua ni kuchelewa.

Kuna pia wasiwasi uliopitiliza, ambao hutajwa kidogo kuliko unavyostahili. Mama huamka kila baada ya dakika chache kusikiliza kama mtoto anapumua, hathubutu kushuka naye ngazi kwa kuhofia atamwangusha, anachemsha chupa ileile mara tatu. Wengine hujiwa na picha za kutisha akilini, za mtoto akiumia, na huzificha kwa sababu wanadhani kuwa na picha hizo ni sawa na kutaka zitokee. Sivyo. Mama anayezikimbia na kuzichukia picha hizo anaugua wasiwasi, na wasiwasi una tiba.

Hali ya mwisho ni adimu, lakini ndiyo ya haraka kuliko zote. Katika kila uzazi 1,000, mama mmoja au wawili hupata saikosisi ya baada ya kujifungua, ambayo mitaani huitwa kichaa cha uzazi. Mara nyingi huanza ndani ya wiki mbili za kwanza, tena kwa ghafla. Mama halali na wala hachoki, anaongea mfululizo, anasikia sauti, anaamini mtoto amebadilishwa au ametumwa. Mwanamke aliyewahi kuugua akili kwa kupanda na kushuka kwa hisia, yaani baipola, au mwenye ndugu wa damu aliyewahi kupatwa na hali hii, yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Hapa hakuna kusubiri kesho. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, asiachwe peke yake na mtoto hata kwa muda wa kuchemsha chai. Familia nyingi hutangulia kwa mchungaji au kwa shehe. Maombi na dua viendelee, lakini viendelee ndani ya gari, njiani kuelekea hospitali.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba duniani kote karibu mjamzito mmoja katika kila kumi, na asilimia 13 ya waliotoka kujifungua, wana tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Katika nchi zenye kipato cha chini idadi inapanda hadi asilimia 15.6 wakati wa ujauzito na 19.8 baada ya uzazi. Kwa wanawake waliohama kutoka nchi za kipato cha chini na cha kati, uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la uzazi la BJOG ulikuta dalili za sonona kwa takribani mmoja kati ya watatu. Katika chumba cha kusubiria cha kliniki chenye viti vitatu, kimoja ni chake.

Arobaini ilikuwa kazi

Pwani yetu, mzazi hutolewa kazini kwa siku arobaini. Anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa tumbo kwa kanga, analetewa uji wa pilipili manga na supu, na mtoto huchukuliwa na bibi ili mama alale. Wachaga wana mtori wao. Wasomali nao huhesabu siku arobaini, na Rwanda majirani na jamaa huja na uji na maziwa kumtembelea mama. Watu hupenda kuzizungumzia siku hizi kama mila tu, jambo la kumbukumbu na picha. Ukiziangalia kwa jicho la tiba, arobaini ni mfumo wa huduma: inampa mama usingizi, chakula na mapumziko, na juu ya hayo inamweka chini ya macho ya wanawake watatu au wanne waliozaa kabla yake. Yule shangazi anayefua nepi ndiye anayegundua kwamba sahani imerudi haijaguswa. Hana dodoso, lakini yumo ndani ya nyumba, na anajua mzazi huyu alikuwaje kabla.

Sitaki kuipamba kupita kiasi. Kuna nyumba ambazo mama mkwe ndiye chanzo cha machozi, na Kasangati ilishaonyesha kwamba ukoo peke yake hauzuii sonona. Lakini mwanamke akiwa na ukoo mbaya ana jirani wa kukimbilia. Akiwa ghorofa ya saba katika mji ambao anawajua watu wanne, hana.

Ugenini arobaini hupungua kuwa wiki mbili, ndizo ambazo sheria ya Uingereza inampa baba aliyeajiriwa rasmi. Anayefanya kazi kupitia wakala, zamu za usiku kwenye ghala au kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mara nyingi hapati hata hizo, au anazipata kwa malipo yasiyotosha kodi ya nyumba. Saa kumi na mbili asubuhi anarudi amechoka, mama amekesha, na hakuna wa tatu. Mabega ya huyo baba nayo yana mwisho, na akina baba pia hupata sonona katika mwaka wa kwanza wa mtoto.

Halafu kuna simu. Kila jioni bibi anapiga kwa video kutoka Bukavu au Tanga, anataka kumwona mjukuu. Angalia kamera inaelekea wapi. Mama anaigeuza kwa mtoto na kuiacha hapo, uso wake hauonekani, sauti yake inatoka pembeni, "Hatujambo mama, tunaendelea vizuri, msituwaze." Anajua nyumbani wanahesabu pesa ya dawa ya baba, na wadogo zake wanasubiri ada. Yeye ndiye aliyefika. Aliyefika anatarajiwa kushukuru, na ni vigumu kulalamika mbele ya watu waliouza shamba ili upande ndege.

Kwa waomba hifadhi mzigo unazidi. Mwanamke anajifungua huku faili lake likiwa mezani kwa ofisa asiyemjua, amewekwa kwenye chumba cha hoteli ambacho kitanda cha mtoto kimebanwa kati ya ukuta na birika la maji, hana jiko la kupikia uji. Uingereza hairuhusu mwomba hifadhi hata kuomba kibali cha kazi kabla ya miezi 12 ya kusubiri. Akihamishiwa mji mwingine, mkunga aliyeanza kumzoea anabaki nyuma, na simulizi la maisha yake linaanza upya mbele ya mgeni mwingine. Anayesubiri uamuzi hawezi kupanga hata mwezi ujao, na akili iliyochoka kwa kukosa usingizi hushindwa upesi sana mbele ya kitu kisichojulikana.

Wapo waliobeba kitu kingine. Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Dakta Denis Mukwege huko Bukavu mwaka 1999, imewatibu maelfu kwa maelfu ya wanawake waliobakwa katika vita vya mashariki mwa Kongo. Mwaka 2018 alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Baadhi ya wanawake wa Kivu wamefika Kentucky, Ohio au Uingereza wakiwa na majeraha hayo bila mtu yeyote kuyajua, pengine hata mume. Mwanamke huyo anapolazwa chali chumba cha uzazi, taa usoni, na mtu aliyevaa glavu anamwambia apanue miguu, mwili wake unarudi kulekule. Anaganda, au anapiga mateke, au anaondoka kichwani na kubaki mwili tu kitandani. Wahudumu wakiandika "hashirikiani", wamekosea kusoma. Mkunga aliyefundwa huomba ruhusa kabla ya kila mguso, hueleza anachotaka kufanya, na husimama akiambiwa asimame. Mjamzito ana haki ya kusema mapema, bila kueleza lolote lililompata, kwamba uchunguzi wa ndani ni mgumu kwake na anataka wanawake peke yao chumbani.

Kuhusu Ghuba nitasema machache, ingawa panahitaji makala yake. Kwa mfanyakazi wa ndani aliye Saudi Arabia au Qatar, chini ya mfumo wa kafala, unaofunga kibali cha mfanyakazi kwa mwajiri wake, mimba ya nje ya ndoa inaweza kumfikisha polisi, hata kama ameipata kwa kubakwa. Anaikwepa kliniki, anazaa chumbani, na mtoto asiye na cheti hawezi kupewa hati ya kusafiri. Kuna akina mama wa Kenya waliokwama Saudia na watoto wao kwa miaka kwa sababu hiyo. Kumwambia mwanamke wa namna hii atafute ushauri nasaha kabla hajapata karatasi ya mtoto ni kutomsikiliza.

Kwa nini haonekani

Tuseme sasa yupo Uingereza, ana haki zote za matibabu, na mkunga ameketi mbele yake na yale maswali kumi. Mkalimani hakuitwa kwa sababu mume anajua Kiingereza. Mkunga anafika swali la kumi, linalouliza kama wazo la kujidhuru limewahi kumjia. Mume anamgeukia mkewe: "Anauliza kama una shida yoyote." Mke anajibu hana. Mkunga anaandika sifuri. Hakuna aliyedanganya kwa nia mbaya. Mume ameona aibu, au ameogopa, au hakujua ajali gani inatokea pale, na dodoso ambalo lingeokoa maisha limezimwa katika sekunde nne. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2010 unasema waziwazi kwamba mkalimani asiwe mume wala jamaa. Nimelikazia jambo hili kuliko mengine kwa sababu ndipo mlango mzima unapofungwa, na kuufungua hakuhitaji utafiti mpya wala mabilioni.

Hata mkalimani akiwepo, swali la kumi lina uzito ambao aliyelitunga Uskoti hakuuona. England na Wales ziliacha kuhesabu jaribio la kujiua kuwa kosa mwaka 1961. Kenya, ni Januari 2025 tu ndipo Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu kinakiuka katiba. Tanzania, kanuni ya adhabu imeliweka jambo hilo katika makosa. Mwanamke aliyekulia chini ya sheria hizo anapoulizwa na mtu mwenye kitambulisho shingoni kama amewahi kufikiria kujidhuru, anasikia swali la polisi.

Na anasikia jambo la pili: watamchukua mtoto. Hofu hii imeenea katika jumuiya zetu za ughaibuni kuliko maelezo yoyote ya kliniki, na haikutoka hewani. Kila mtu amesikia habari ya familia iliyotembelewa na ustawi wa jamii. Ukweli ni kwamba sonona pekee si sababu ya mama kunyang'anywa mtoto, na mama anayetafuta tiba huhesabiwa kuwa anamlinda mwanawe. Ustawi wa jamii huingia pale panapoonekana hatari halisi kwa mtoto, na hatari hiyo hukua zaidi ugonjwa unapoachwa. Wahudumu wanatakiwa kulisema hili kwa sauti kabla ya kuuliza swali la kwanza.

Kisha kuna lugha ya mwili. Wanawake wengi wa kwetu hawatasema "nina huzuni". Watasema kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, mwili hauna nguvu, mawazo ni mengi, maziwa yamekauka. Daktari anapima damu, anakuta hakuna kitu, anatoa vidonge vya maumivu. Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walilifanyia kazi suala hili mapema: mwaka 2008 walichapisha utafiti wa dodoso lililotungwa Dar es Salaam, likianzia kwenye namna watu wa hapo wanavyoeleza dhiki zao wenyewe, na wakalijaribu kwa wajawazito. Kazi za aina hiyo zinastahili kusomwa Birmingham na Louisville, si Dar tu. Ila uchunguzi wa damu nao usipuuzwe. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo baada ya uzazi huleta uchovu na hali zinazofanana kabisa na sonona, na tiba yake ni nyingine.

Lililobaki ni lawama. Huko Uganda, Cox aliandika pia kuhusu amakiro, ugonjwa wa mzazi ambao Waganda waliuhusisha na uzinzi wakati wa ujauzito. Imani za aina hiyo zipo kwetu kote: amevunja mwiko, amelogwa na wifi, hakumtii mume, hana imani ya kutosha. Familia ikishatangaza sababu, mgonjwa anabadilika kuwa mshtakiwa. Ughaibuni, jumuiya ni ndogo na kila mtu anasali kanisa au msikiti mmoja, kwa hiyo habari ikitoka Jumatano, Jumapili imeshafika.

Tiba ipo, na mara nyingi si ya gharama

Kwa sonona ya kiasi, tiba ya mazungumzo hufanya kazi vizuri. Moja iliyojaribiwa Afrika Mashariki ni tiba ya mahusiano kwa vikundi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulifanyika Masaka na Rakai, Uganda, ambako watu wa huko wenyewe, wasio madaktari, walifunzwa kuongoza vikundi kwa wiki 16, na dalili za sonona zikapungua kwa kiasi kikubwa. Tiba hiyo huangalia mambo manne: msiba, ugomvi na watu wa karibu, mabadiliko makubwa ya maisha, na upweke. Mwanamke aliyezaa ugenini anaweza kuwa nayo yote manne kwa wakati mmoja, na kikundi chenyewe kinaanza kumtibu lile la nne siku anayoingia mlangoni.

Pakistan, Profesa Atif Rahman na wenzake waliwafunza wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake waliosoma shule ya kawaida, kuwatembelea majumbani akina mama wenye sonona kuanzia mwisho wa ujauzito. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: miezi sita baada ya uzazi, waliobaki na sonona ni asilimia 23 kati ya waliotembelewa namna hiyo, wakati kwenye kundi la kulinganisha ni asilimia 53. Shirika la Afya Duniani likaifanya mbinu hiyo kuwa mwongozo wa kutumika popote. Naona hapa ndipo jumuiya zetu zina nafasi kubwa, maana Nairobi, London na Dallas zimejaa wanawake wazima wenye busara ambao wangefunzwa kazi hii na kulipwa, badala ya kusubiri mwanasaikolojia wa Kiswahili ambaye hayupo. Hata Nyarugusu, kambi ya Kigoma iliyowapokea Wakongo tangu miaka ya 1990 na ambako mabinti waliozaliwa humo sasa nao ni mama, wafanyakazi wa namna hiyo wangetoka miongoni mwa wakimbizi wenyewe.

Dawa zinahitajika sonona ikiwa kali. Akina mama wengi huzikataa kwa kuhofia maziwa. Sertralini, mojawapo ya dawa zinazotumika sana kwa wanaonyonyesha, huingia kwenye maziwa kwa kiasi kidogo mno. Kwa upande mwingine, valproeti haifai kwa mjamzito kwa sababu inamdhuru mtoto tumboni. Kwa hiyo mwanamke aliyekuwa tayari anatumia dawa za akili asiziache ghafla siku anayojua ni mjamzito, bali amwone daktari mara moja ili zibadilishwe kwa utaratibu. Kwa walio mahututi, Uingereza ina wodi maalumu ambazo mama hulazwa pamoja na mtoto wake, na wengi hawajui kabisa kwamba kulazwa kwa ugonjwa wa akili kunaweza kuwa hivyo. Kujiua ni miongoni mwa sababu zinazoongoza za vifo vya akina mama nchini humo kati ya wiki ya sita na mwaka mmoja baada ya ujauzito, kipindi ambacho wageni wameacha kuja na zawadi zimekwisha.

Mama wa kwetu anaweza kudai nini

Uingereza, kujiandikisha kwa daktari wa mtaani, yule wanayemwita GP, ni bure kwa kila mtu na hakuhitaji karatasi za uhamiaji. Huduma ya uzazi haiwezi kuzuiwa wala kucheleweshwa kwa sababu mtu hajalipa. Asiye na kibali anaweza kutumiwa ankara baadaye, na deni la pauni 500 au zaidi lisilolipwa kwa miezi miwili linaweza kuripotiwa kwa idara ya uhamiaji, jambo ambalo huwafukuza kliniki wanawake wanaoihitaji kuliko wote. Naliona ni kosa la sera. Wakimbizi na waomba hifadhi hawatozwi. Anayekwenda kliniki kwa hofu ya ankara aulize kwanza kama anaingia kwenye kundi la wasiotozwa, na aombe mpango wa kulipa kidogo kidogo, kuliko kukimbia. Mke aliyeingia kwa viza ya mume na anapigwa ajue kwamba sheria ina utaratibu maalumu wa kumruhusu aombe kibali chake mwenyewe, kwa hiyo habari ya "ukiniacha utarudishwa" si ya kuiamini kabla ya kuongea na mwanasheria.

Dharura ni 999. Kwa msaada wa afya ya akili usio wa kusubiri, England ni 111, kisha unachagua huduma ya afya ya akili. Marekani, tangu 2022 kuna laini ya taifa ya akina mama, 1-833-852-6262, bure, saa 24, na anayepiga anaweza kuomba mkalimani. Hospitali za huko zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kutoa mkalimani bila malipo. Dharura ni 911.

Ndugu walioko nyumbani nao wanaweza kufanya jambo. Simu ya jioni isiishie kwa mtoto. Mwombeni mama naye aonekane. Mwulizeni amelala saa ngapi, amekula nini leo, nani alikuja mlangoni wiki hii, maswali hayo yanajibika kirahisi kuliko "hujambo?" na yanaonyesha mengi zaidi. Msimtumie orodha ya mahitaji katika miezi mitatu ya kwanza baada ya uzazi. Na kama kuna wifi, binamu au mama wa kanisa katika mji uleule, mpigieni yeye pia, mwombeni aende na chungu cha chakula, akae saa mbili mtoto akiwa mikononi mwake ili mzazi alale.

Siku ya kliniki, mama amwambie mkunga kabla ya lolote kwamba anataka mkalimani asiye ndugu. Ana haki ya kuchagua mwanamke. Kama anaogopa mkalimani atakuwa mtu wa jumuiya yake, aombe wa kwa simu, aliye mji mwingine, na jina la mama lisitajwe. Ataje pia Kiswahili chake ni cha wapi, maana mtu wa Goma akipewa mkalimani wa Zanzibar yapo mambo yatakayopotea njiani. Mkunga asipouliza kuhusu moyo wake, aanze mwenyewe: "Sijalala vizuri kwa wiki mbili, hata mtoto akilala. Nalia kila siku. Naomba nisaidiwe." Mume akitaka kuingia, asubiri nje kwa dakika kumi.